Maiti wa Kaunta ya Kings Heath

Kings Heath, Birmingham
Ijumaa, 25 Juni 2004

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Kuzikana cha Waswahili wa Birmingham, ambaye pia ni Ami Mwinjuma, baba yake Asmahan,

Asalaam aleikum, na basi nilikuwa nishamaliza ubavu wa kulia, naingia wa kushoto, ndo ile picha ikapigwa. Maji ya mkunazi nishamwagia, kafuri bado. Dirisha nimelipa mgongo. Nimevaa kanzu kwa sababu Ijumaa huwa natoka kazini moja kwa moja kwenda msikitini, na kofia nimevaa. Huyo mpiga picha hata hodi hakupiga. Nilisikia kitu kama mtu anabofya kalamu, nikageuka, nikaona mtu anakimbilia gari. Nikarudi kwenye ubavu wa kushoto nikamalizia, maana kazi ile haikatwi katikati, wewe mwenyewe unajua.

Naanzia hapo kwa sababu wewe na wajumbe mmeanzia hapo. Mmeiona picha kwenye lile gazeti la bure linalotupwa milangoni, mkahukumu. Mie si mtu wa maneno, Ami. Ukiniuliza kitu uso kwa uso naangalia viatu vyako. Ndo maana kwenye kikao cha Jumapili nilikaa kimya mpaka mkaandika kuwa nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na nilipolipata watu washavaa makoti. Kwa hiyo naandika. Skuli nilitoka darasa la tano, basi pale ambapo barua haikai sawa isome kama vile nimekaa mbele yako nasema, ila viatu siangalii.

Malalamiko nimeyapa namba ili yasichanganyike na mambo mengine ya chama.

Lalamiko la kwanza linamhusu marehemu mwenyewe, kwa sababu kwenye kikao mmeuliza habari za kofia, za kanzu, za dirisha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hali ya maiti.

Pabu ninayosafisha zamani ilikuwa ya Kiingereza, na mazulia mekundu na picha za farasi. Mwaka juzi akaichukua Bwana Daryl akaigeuza ya Kiaustralia. Akang'oa mazulia, akapiga mabati ukutani, akatundika mamba wa plastiki juu ya mlango wa choo cha wanaume, na kila meza akaiwekea karatasi yenye habari za pabu za kale za huko Australia. Mie Kiingereza changu ni cha ndoo na ufagio, lakini yuko Dada Moraa. Ni Mkenya, anasomea unesi, na asubuhi anaandaa jiko pale kabla hajaenda chuoni. Sakafu ikiwa inakauka tunapata dakika kumi za kukaa, basi ananisomea zile karatasi, moja kila siku. Nimesoma mengi pale kuliko darasa la nne na la tano kwa pamoja.

Kwa mfano, huko Australia ilipita sheria pabu zifungwe saa kumi na mbili jioni. Watu wanatoka kazini saa kumi na moja, kwa hiyo wana saa moja tu ya kunywa mpaka kesho. Wanakunywa wamesimama, wamebanana kama kuni, mtu hatoki hata kwenda haja asije akapoteza nafasi. Ndo maana kuta wakazipiga vigae mpaka usawa wa kifua, ili wakishatoka mtu achukue mpira wa maji apige ukuta mzima kama banda la ng'ombe. Hapo mie nilimfikiria huyo mwenye mpira wa maji. Karatasi haikumtaja.

Iko pabu farasi aliingia na bwana wake mgongoni, na akahudumiwa farasi kwanza kwa kuwa ndo aliyefika mbele. Iko nyingine jambazi wa porini aliiteka na watu wote ndani, akawaelekezea bunduki, kisha akawanunulia vinywaji, na polisi walipokuja kuwaokoa, mateka wakawaambia wasubiri kwanza. Na ziko pabu nyingi ambazo zilikuwa na chumba cha chini chenye baridi, basi mtu akifa mjini anahifadhiwa humo pamoja na mapipa mpaka hakimu wa kuchunguza vifo apite. Hakimu akipita, mahakama anaiweka hapo hapo baa. Maiti upande huu, chupa upande huu, na kesi katikati.

Ndo nikamfikia mwenzetu.

Jangwani kule hakukuwa na barabara, kwa hiyo mapipa ya bia yalipelekwa kwa ngamia, na wenye ngamia walikuwa Waislamu. Waaustralia wakiwaita wote Waafghani, lakini Moraa amesoma kuwa wengine walikuwa Wabulushi na wengine Wapunjabi. Watu hawa wanabeba bia mwezi mzima juani, hawaigusi, wanaishusha mlangoni, kisha wanalala nje na ngamia wao kwa sababu ndani hawatakiwi. Nilimwambia Moraa asome tena pale. Akasoma tena. Nikamwambia kazi hiyo naijua.

Mmoja wao, inasema karatasi, alifikisha mapipa arubaini salama, akakaa chini kwenye kivuli cha ngamia, akafa. Jina hawakuandika. Wameandika Mzee wa Ngamia. Mji ule haukuwa na meza ndefu isipokuwa kaunta ya pabu, basi wakamlaza juu yake siku tatu wakimngoja hakimu, na wateja wakawa wanakunywa pembeni pembeni. Mwisho wakamfukia bila ya kumkosha, kwa kuwa hakuwepo aliyejua. Na kaunta hiyo hiyo ndo Bwana Daryl anasema kaileta kwa meli mpaka Birmingham. Imewekwa katikati ya ukumbi peke yake, imezungushiwa kamba, na kibao.

Sasa Ami, wewe unamjua babu yangu alikuwa nani. Alikosha maiti Unguja miaka arubaini na mbili, na mie ndo niliyekuwa nabeba ndoo. Skuli ilinishinda kwa sababu hiyo: mwalimu akiita majina, mie niko nyumba ya watu nashika taa. Mtu aliyelelewa hivyo unamwambia hapa amelazwa Muislamu siku tatu, hakukoshwa, halafu unampa kitambaa na sabuni unamwambia aisafishe. Aisafishe vipi? Kama kaunta?

Nikaikosha kama anavyokoshwa mtu. Kulia kwanza, kushoto baadaye, mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Katikati naweka taulo, kwa sitara. Siku ya kwanza Dada Moraa alisimama mlangoni na karoti mkononi, akaniangalia muda mrefu, akasema, "Suhail, hiyo ni meza unaosha ama ni mtu?" Nikamwambia ni mtu. Akasema sawa, akarudi jikoni kwake. Manesi wana adabu kuliko wajumbe.

Ijumaa iliyopita ilikuwa ya thelathini na saba. Chama kizima, na vitabu vyake na muhuri wake, hakijamkosha mtu mmoja kwa uangalifu kiasi hicho.

Lalamiko la pili ni la picha na kofia, na hapa naandika polepole.

Kafuri, kama ujuavyo, haiondoki upesi. Pabu inafunguliwa saa tano, wateja wanaingia, wananusa. Bibi mmoja wa Kizungu akasema amepitiwa na upepo wa baridi shingoni akiwa karibu na kaunta. Mwenzake akasema na yeye. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, mie ndo niliyeuwacha, lakini nani ananiuliza? Bwana Daryl akachapa karatasi mpya: Mzee wa Ngamia anarudi kila Ijumaa, na huacha harufu ya jangwani. Wakaanza kuja watu na kamera. Ndo akaja huyo wa gazeti, asubuhi mapema kabla ya wenzake.

Bwana Daryl hajui kuwa ni mie. Yeye hufika saa nne, na mie naondoka saa nne. Gazeti lilipotoka alinionyesha ile picha, akanishika bega, akaniambia nisiogope, huyu mzimu ni mpole. Nikamwambia ahsante. Dada Moraa akaliinamia gazeti, akasema, "Huyu ni wewe. Hata hizo raba ni zako." Lakini alisema Kiswahili, kwa hiyo siri ikabaki ndani ya jiko.

Mpaka ilipofika kwako, Ami.

Umesema mbele ya watu kumi na mmoja kuwa kofia ile unaijua ua kwa ua, kwa sababu umeiona mapajani mwa binti yako miezi minane, na wakati wote huo ulidhani ni yako. Niliona uso wako uliposema hivyo. Mie nikikaa kimya huwa naona, sina kazi nyingine. Hukukasirika kwa ajili ya pabu. Ulikasirika kwa ajili ya kofia. Kwa heshima zote naomba niseme: kichwa chako ni kikubwa, Ami, ni kichwa cha mwenyekiti. Kofia ile usingeiingia hata kwa sabuni. Asmahan angekuwa anashona yako angeanza na kitambaa kingine.

Nilipewa mwezi wa tatu, wiki moja baada ya shangazi yangu kuleta posa. Alinipa kwenye maegesho ya msikiti, ndani ya mfuko wa duka la dawa anakofanya kazi, na wewe ulikuwa hatua kumi unazungumza na watu habari za jenereta la hema. Mie nikamuuliza kwa Kiswahili kama baba anajua. Yeye, kama watoto waliozaliwa hapa, akanijibu kwa Kiingereza. Alisema maneno manne tu, na Kiingereza changu cha ndoo kilitosha. Sitayaandika.

Sasa tazama mlivyoniweka. Nikisema kwenye picha ni mie, basi mie ndo niliyepokea kofia kabla ya jibu la posa, na tena nimeivaa ndani ya pabu. Nikisema si mie, ni mzimu kama gazeti linavyosema, basi binti yako kamshonea kofia mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, na mwanamume huyo kaipokea na imemkaa vizuri. Nakuuliza kama mzazi, unachagua lipi? Mie niko tayari kuwa lolote utakaloona lina heshima zaidi kwa nyumba yako.

Lalamiko la tatu ni hukumu. Ulisimama ukasema, "Mkono unaofuta pombe haugusi maiti wetu." Ukanitoa kwenye zamu za kukosha, na posa ukasema itakaa kabatini. Mzee Mkubwa ndo mkosha wetu mkuu, na mie ndo msaidizi wake. Aliangalia viatu vyake. Namwelewa sana.

Nimeifikiria sentensi yako siku tano, Ami, nikiwa napiga deki. Pombe ikimwagika, nani aifute? Aliyeimwaga hawezi, hata ukuta anauona mara mbili. Kwa hiyo lazima aifute asiyekunywa. Na asiyekunywa akiifuta mkono wake unaharibika, asiguse maiti. Maana yake mtu msafi akisafisha uchafu anakuwa mchafu, na mchafu akiuwacha pale pale anabaki alivyo. Kwa hesabu hiyo manesi wote wa hospitali za Birmingham wasimguse mgonjwa wa Kiislamu, na Dada Moraa kanieleza vitu wanavyofuta kule. Mbele ya vitu hivyo pombe ni maji ya waridi.

Tena naomba niseme jambo dogo, si kwa ubaya. Mwezi huu wote kuna mpira wa Ulaya, na Bwana Daryl kaweka skrini kubwa kama mlango wa gereji. Mie jioni siko, lakini asubuhi nakuta vilivyoachwa. Mpaka leo nimekuta chini ya viti tasbihi moja, miswaki miwili, na miwani ya kusomea yenye mguu uliofungwa uzi wa kijani. Miwani hiyo nadhani sote tumewahi kuiona ikisoma taarifa ya kikao kilichopita. Sisemi kuna mtu amekunywa. Nina hakika ni juisi ya machungwa tu, na mpira ni mpira. Nimevitia vyote kwenye kopo la biskuti, nikaandika juu yake CHAMA. Mwenye miwani, yule anayekaa Hodge Hill hapa hapa Birmingham, akitaka aje saa moja asubuhi, mlango wa nyuma, sitamwangalia usoni. Si kawaida yangu.

Lalamiko la nne nililigundua juzi, na nadhani litakushitua, kwa hiyo kaa kitako.

Bi Rehana, mkeo, mama yake Asmahan, kwao ni Wabulushi. Babu yake alikuja Unguja na jeshi la Sultani. Hilo kila mtu analijua kwa kuwa huwa analisema yeye mwenyewe kila arusi. Na marehemu wa kaunta ni mtu wa ngamia. Na watu wa ngamia wengine ni Wabulushi. Wabulushi wangapi waliondoka kwao zama zile? Si wengi, Ami, kila mmoja alikuwa anamjua mwenzake. Mmoja akaenda Afrika na bunduki, mwenziwe akaenda Australia na ngamia. Kuna nini kinachozuia wasiwe ndugu? Mie nimekaa nikaitazama kaunta, na wallahi ile pua naiona.

Kama ni hivyo, basi aliyelazwa pale ni ami yake Bi Rehana, au mjomba wake, au vyovyote mtakavyopanga. Basi maiti wa nyumba yako alikaa miaka mia bila ya kukoshwa, wewe ukiwa mwenyekiti wa kuzikana, na aliyemkosha mara thelathini na saba ni mie. Sikuitwa, sikupewa hata chai. Kisha mtu huyo huyo anayefanya kazi ya ukwe kabla ya kuwa mkwe, posa yake inawekwa kabatini pamoja na vikombe. Fikiria watu wakisikia, Ami. Mie sitawaambia, mie naona haya. Lakini kaunta iko barabarani.

Kwa hiyo lalamiko la tano si lalamiko, ni maombi, na nayataka kwa maandishi.

Kwanza, marehemu aandikwe uanachama. Najua katiba inataka mwanachama awe anaishi Birmingham miezi sita. Yeye yupo mwaka wa pili sasa, hajawahi kukosa hata siku moja, wakati wajumbe watatu wa kamati wamehamia Leicester na bado wanapiga kura.

Pili, azikwe. Kaunta ina urefu wa mita nne na nusu, kwa hiyo nadhani yatahitajika makaburi mawili kwa urefu na ruhusa ya manispaa. Kibla nishaanza kuishughulikia. Nilipoikuta ilikuwa imeelekea ubao wa vishale. Kila Ijumaa mie na Dada Moraa tunaisogeza kiganja kimoja, na sasa imekaa sawa kabisa: kichwa upande wa Bristol, miguu upande wa Nottingham, ubavu wa kulia kibla. Bwana Daryl amegundua kuwa inahama. Amechapa karatasi nyingine.

Tatu, isomwe hitma, Jumapili asubuhi kabla ya kufunguliwa. Ukumbi upo, viti vipo themanini, kuegesha ni bure. Dada Moraa yeye ni Mkristo lakini amesema atatukatia vitunguu. Masufuria tutakuja nayo yetu. Yule mamba nitamfunika shuka.

Nne, nirudishwe zamu yangu kwa Mzee Mkubwa. Hili nakuomba bila ya mzaha. Kazi ya pabu nilipewa na ofisi ya kazi, nisingekuwa nayo ningekuwa na nyingine. Kazi ya kukosha nilipewa na babu. Ndo kitu pekee ninachokijua vizuri kuliko watu waliosoma, na nilipokuwa nacho niliweza kuja kuposa kwako bila ya kuona nimejipandisha. Mmekitoa siku moja na posa, na nimegundua kuwa vilikuwa kitu kimoja.

Tano, jibu. Likiwa hapana, basi niambiwe hapana. Asmahan ana umri wa miaka ishirini na tatu, na mie sitaki mtu akae dirishani kwa ajili yangu. Lakini liwe jibu la posa, lisiwe jibu la picha.

Namalizia hapa, nikiwa mwanachama wako ambaye ada amelipa na maneno hana. Nisalimie Bi Rehana, na umpe pole ya msiba wa ami yake. Nisalimie wajumbe wote, wa hapa na wa Leicester. Nisalimie Mzee Mkubwa, mwambie ndoo ya bluu ina ufa, asiijaze. Nisalimie na Asmahan kama inaruhusiwa. Kama hairuhusiwi, basi salamu hizo zigawe kwa wajumbe.

Ni mie kijana wako,
Suhail

Nyongeza. Barua nilishaifunga alfajiri, nimeifungua tena, niwie radhi kwa gundi.

Jana Uingereza wametolewa kwa penalti, kwa hiyo asubuhi hii nimekuta sakafu imeoga bia kila pembe. Imeingia mpaka chini ya kaunta. Mie na Dada Moraa ikabidi tuilaze ubavu ili nikoshe miguu yake. Chini kule sijawahi kufika, kwa sababu ya sitara. Kumbe kuna muhuri. Neno la kwanza nililisoma mwenyewe maana naliona kila siku mbele ya basi: Tyseley. Mengine akasoma Moraa, amepiga magoti. Imetengenezwa Tyseley mwaka 2002, kwa mbao za paleti, zile za kupangia mizigo. Tyseley, Ami, pale wanapochomea taka. Haijapanda meli. Sidhani kama imepanda hata lori kubwa.

Bwana Daryl alipofika nilimngoja mlangoni. Niliangalia viatu vyake, lakini nilimuuliza. Akacheka mpaka akakaa. Mzee wa Ngamia kamtunga yeye, Krismasi ya mwaka juzi, kwenye meza ya jikoni kwa mama yake. Australia hajafika, anaogopa ndege. Kazaliwa Hodge Hill. Mie ningejuaje? Kwangu mie Wazungu wote wanasema sawasawa.

Kwa hiyo hakuna maiti. Hakuna Mbulushi, Bi Rehana hana msiba, pole nairudisha. Makaburi mawili hayahitajiki. Malalamiko ya kwanza na ya nne yafute, la pili lifute nusu, na Ijumaa thelathini na saba nimekosha paleti kwa kafuri. Watu wa ngamia wenyewe walikuwepo kweli, Moraa kaniangalizia maktaba, na walibeba na hawakunywa na wakalala nje. Ila huyu hakuwepo. Ningeweza kunyamaza, maana najua wewe huwezi kupiga magoti chini ya kaunta ya pabu ukasoma. Lakini nimetaka uniozeshe ukijua kuwa sina hoja, au uninyime ukijua hivyo hivyo.

Nilikuwa nataka kuichana barua ndo simu yangu ya mkononi ikalia, na ulikuwa wewe. Ukasema Mzee Mkubwa mgongo umemshika toka alfajiri, hasimami. Ukasema kuna mzee amefia hospitali, hana mke, hana mtoto, kwenye karatasi zake kuna jina na mji wa Tanga basi, na lazima azikwe leo baada ya sala. Mie nikaiweka barua chini. Ukasema, "Mwanangu, uko wapi nije nikuchukue?" Nikasema niko pabu. Nikasikia unafungua ramani. Kisha ukasema, "Nielekeze."

Sasa gari limesimama nje. Miguu ya Moraa ndo imetangulia kwenda kuangalia, mie nimechungulia tu. Anaendesha Asmahan. Wewe umekaa mbele na umejifunika uso kwa ramani ya barabara, umeishika juu chini. Kiti cha nyuma kiko kitupu, mlango wake umefunguliwa.

Lazima niondoke, Ami. Barua sijui nikupe mkononi au niiwache kwenye kiti uikute. Huyu wa leo ni mtu kweli, hana wa kumngoja isipokuwa sisi, na Asmahan ashapiga honi mara mbili.